Krezeri hana patroni: basi yuko tabaka gani?

Swali limetoka kwa kijana wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anayesoma sosholojia. Nalifupisha: "Mwalimu, babu yangu alizeekea Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Baba alitoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, wakati ule wa kuondoka kwa hiari. Kaka yangu sasa ni krezeri, yaani mchimbaji madini wa mikono, upande wa Kolwezi. Darasani tunaambiwa ubepari una mwenye mtaji na mfanyakazi wa mshahara, lakini kaka hana mshahara wala patroni, yaani mwajiri, anasema yeye ni patroni wa nafsi yake. Mama anauza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba. Mimi nina diploma na sina kazi. Sisi ni tabaka gani? Au hizi ni nadharia za Wazungu wa viwanda vya Manchester, hazituhusu?"

Mdogo wangu, naanza na kaka yako, maana tukimwelewa yeye, wengine wote wa nyumba yenu wataeleweka kwa urahisi.

Wengi hudhani tabaka ni ngazi ya kipato: juu wako wa Golf, mtaa wa matajiri, katikati wenye mshahara unaofika kwa wakati, chini wa Katuba na Kenya. Mtaani tunasema wakubwa na wadogo, na hatukosei. Shida ni kwamba ngazi hiyo haielezi kitu. Kaka yako akiangukia mawe mazuri ya kobalti anaweza kuingiza kwa wiki moja zaidi ya anachopata mwalimu wa serikali kwa mwezi. Amepanda tabaka? Wiki inayofuata shimo limejaa maji, naye anakopa unga. Ameshuka tena? Tabaka linalopanda na kushuka pamoja na mvua halitufundishi lolote. Waliochambua ubepari kwa jicho kali, kuanzia Karl Marx, waliuliza jambo jingine: watu hawa wanafungamana vipi katika kuzalisha, nani anamtegemea nani, na ziada inayotoka kwenye jasho inaishia mkononi mwa nani.

Mimi swali hilo hulipunguza hadi maneno matatu: nani anaweza kusubiri?

Na halikuanzia kwa mkomunisti. Adam Smith, yule yule anayetukuzwa na wapenzi wa soko huria, aliandika mwaka 1776 kwamba tajiri na vibarua wakigombania ujira, tajiri ndiye hudumu zaidi, kwa sababu anaweza kuishi mwaka mmoja au miwili kwa akiba yake bila kumwajiri mtu hata mmoja. Vibarua wengi hawawezi kumaliza wiki bila kazi, wachache watafika mwezi, na wa kufika mwaka ni nadra. Marx alikuja baadaye kueleza sababu. Mmoja ameshika njia kuu za uzalishaji mali: ardhi, mitambo, malighafi, pesa ya kuendeshea. Mwingine hana cha kuuza ila nguvu-kazi yake, na nguvu-kazi haiwekwi ghalani. Siku ambayo hukuiuza leo, kesho huwezi kuiuza pamoja na ya kesho.

Sasa twende depo, pale makrezeri wanapouza mawe yao. Kaka yako na wenzake wanashusha mifuko kwenye pikipiki, mifuko inapanda mizani. Mizani ni ya depo. Mtu wa depo anafungua mfuko mmoja, anachota kiasi kidogo, anakisaga, anakielekezea ile mashine ya mkono yenye umbo la bastola ambayo wachimbaji huiita Metorex, na namba inatokea: asilimia kadhaa ya kobalti, asilimia kadhaa ya shaba. Anayeisoma ni yule aliyeishika. Kisha kuna kitu kinakatwa kwa ajili ya unyevu. Bei ya kila asilimia imeandikwa ubaoni, na ubao ni wa depo. Krezeri anaweza kukataa? Ndiyo, hakuna aliyemfunga kamba. Atapakia mifuko upya aende depo ya pili, ambako mizani ni ya depo ya pili. Lakini mwenye pikipiki anadai pesa yake, mfadhili wa shimo aliyetoa unga, kamba na taa kwa wiki zote za kuchimba udongo mtupu anangoja pembeni akatwe deni lake kwanza, na wenzake wanataka kugawana leo. Mwenye depo akiikosa mifuko ya kaka yako atanunua ya mwingine saa hiyo hiyo. Kati ya hawa wawili, unaona mwenyewe ni nani anayeweza kusubiri.

Sidai kwamba kila depo inaiba. Wizi wa mizani upo, makrezeri wanaulalamikia kila siku, na ni haki yao. Lakini usilijenge jibu lako la mtihani juu ya wizi, maana hapo Marx hayuko nawe. Unyonyaji kwake hauhitaji mwizi. Hata kila mtu akilipwa sawasawa kwa bei ya soko, mwenye nguvu-kazi hulipwa gharama ya kumrudisha kazini kesho, ilhali alichozalisha leo kina thamani zaidi ya hiyo. Tofauti ndiyo thamani ya ziada, na mwenye njia za uzalishaji huichukua bila kuvunja sheria yoyote. Weka mizani ya haki kabisa pale depo: kaka yako atapata zaidi, naye atafurahi, lakini bado ataamka kesho na kushuka shimoni kwa sababu zile zile.

"Lakini hana patroni." Hapa ndipo swali lako linapokuwa zuri kuliko ulivyodhani. Katika juzuu la kwanza la Das Kapital, lililotoka mwaka 1867, kuna sura fupi ambayo walimu wetu huiruka, nayo inahusu ujira wa kipande, yaani kulipwa kwa kiasi ulichotoa badala ya saa ulizokaa. Marx anaeleza kwamba chini ya malipo haya msimamizi karibu hana kazi, maana ujira wenyewe ndio unaomsimamia mtu. Mfanyakazi anaona faida kujikaza na kurefusha siku yake bila kuambiwa. Mlango unafunguka kwa watu wa kati, wanaochukua kazi kwa bei moja na kuigawa kwa bei ndogo zaidi, wakiishi kwa tofauti. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo nikilisoma huwa naona kama limeandikwa Kasulo, ule mtaa wa makrezeri kule Kolwezi: malipo ya kipande humjengea mtu hisia ya uhuru, ya kujitegemea na kujitawala, na wakati huo huo humgombanisha na wenzake. Marx aliona hiyo ndiyo sura ya ujira inayoufaa ubepari kuliko zote. Kaka yako anaposema yeye ni patroni wa nafsi yake hadanganyi. Anaeleza kwa usahihi jinsi ujira wa aina hiyo unavyohisiwa na anayeupokea.

Wako wataalamu watakaonipinga. Watasema krezeri si mfanyakazi wa ujira bali mzalishaji mdogo: koleo ni lake, mtarimbo ni wake, mawe ni yake mpaka atakapoyauza, kama vile fundi seremala na meza yake. Kisheria wana hoja. Lakini seremala anaweza kumuuzia jirani. Mawe ya kobalti hayana jirani wa kuyanunua. Hayapikwi, hayajengi nyumba, hayana maana yoyote mpaka yafike kwenye kiwanda chenye asidi na matangi, na viwanda hivyo vina wenyewe, wachache mno. Ardhi anayochimba nayo si yake. Mtu asiyeshika ardhi iliyo chini yake wala kiwanda kilicho mbele yake, akabaki na koleo, mimi namhesabu kuwa mfanyakazi ambaye mwajiri wake amekwepa kumwandikia mkataba. Akiugua, hakuna hospitali ya kampuni. Shimo likiporomoka, hakuna fidia. Hizo zote ni gharama ambazo zamani zilikuwa kwenye daftari la mwajiri, sasa ziko kwa mama yako na shemeji zako.

Hata hatari ya soko amebebeshwa. Mwanzoni mwa 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka uliofuata bei ilikuwa imeporomoka vibaya. Mwezi wa nane 2019 Glencore ikatangaza kuusimamisha mgodi wake wa Mutanda, mmoja wa migodi mikubwa kabisa ya kobalti duniani, na baada ya miaka kadhaa ikaufungua tena. Fikiria maana yake: madini yalibaki ardhini, hayakuoza, hati haikupotea, bei ikangojewa. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu yenyewe ikasimamisha usafirishaji wa kobalti ili bei ipande, kisha ikaja na mgao kwa kampuni. Huenda ilikuwa siasa sahihi, sibishani na hilo leo. Ninachosema ni kwamba kila aliyekuwa mezani alikuwa na uwezo wa kungoja, na aliyekuwa shimoni hakuwa nao.

Kwa nini hana? Mtu hazaliwi akiwa hana cha kuuza ila mikono yake; kuna siku alifanywa hivyo. Marx aliuita mchakato huo ulimbikizaji wa awali, na mfano wake ulikuwa wakulima wa Uingereza waliofukuzwa mashambani ili kondoo walishwe. Sisi tuna wa kwetu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 na kupewa eneo la madini ambalo watu wa hapa walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla, wakitengeneza yale misalaba tunayoyaona leo kwenye nembo na kuta. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa ya kulipwa kwa pesa, na mwaka huo huo ikaundwa ofisi ya kuandikisha vibarua, Bourse du Travail du Katanga. Unga ulikuwepo kijijini, samaki walikuwepo mtoni, lakini kodi haipokelewi kwa samaki. Pesa ilipatikana mgodini tu. Hivyo ndivyo mtu mwenye shamba alivyogeuka kuwa mtu anayetafuta kazi.

Wanaoisoma historia hiyo kama mambo ya zamani waisome pamoja na kanuni ya madini ya 2002, ambayo ilivutia kampuni za kigeni kwa wingi. Inamruhusu Mkongomani kuchimba kwa mikono, awe na kadi na awe ndani ya eneo lililotengwa. Marekebisho ya 2018 yakaongeza sharti la kuwa katika ushirika. Vizuri. Ila sehemu kubwa ya ardhi yenye mawe ya maana ina hati ya kampuni tayari, na maeneo yaliyotengwa kwa makrezeri ni machache, mengine hayana kitu. Ndipo kaka yako anaposhinda akichezeana na walinzi na polisi kwenye eneo lenye hati ya kampuni. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi aliyeandika juu ya ulimbikizaji wa mtaji mwaka 1913, alimkosoa Marx kwa hilo hasa: unyang'anyi si utangulizi wa ubepari unaopita ukaisha, bali mtaji unahitaji kila wakati kumeza kitu kilicho nje yake. Kwa upande huu, ukiniuliza, aliona mbali kuliko mwalimu wake.

Babu yako sasa. Najua nyumbani kwenu anasimuliwa kama mtu aliyeishi peponi, na sitaki kumdharau mzee. Hapo mwanzo, mgodi uliwachukua wanaume bila wake, kwa mikataba ya miezi michache, na walipougua au kuchoka ukawarudisha kijijini. Mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Meillassoux alieleza mwaka 1975 siri ya ujira mdogo wa aina hiyo: kijiji ndicho kilichomlea kibarua hadi akakua, kijiji ndicho kitamlisha uzeeni, kwa hiyo mgodi unalipia siku za kazi tu na kazi ya wanawake shambani inalipia maisha yaliyobaki. Kisha, kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, Union Minière ikageuza. Kuandikisha watu kutoka mbali kulikuwa ghali, walikufa wengi, na waliojua kazi waliondoka kila mara. Ikaanza kuleta wake kambini, mikataba ya miaka mitatu, nyumba, posho ya kila wiki, kliniki, uzazi, shule, kapita (msimamizi) wa kambi aliyejua nani amelala wapi. Mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa kibarua wa kesho, na kampuni ilimpima uzito.

Watu waliita kazi baba na mama, na mwanahistoria wetu wa hapa, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameonyesha jinsi ubaba huo wa kampuni ulivyoingia hadi ndani ya ndoa, mpaka mume akawa mume kwa sababu analeta posho. Mtu anayelishwa na kampuni ana tabaka? Anaweza hata asilihisi. Anajiona mtu wa Union Minière, amezidi wale wa nje ya kambi. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber angesema hapa kuna heshima ya cheo iliyofunika hali ya kitabaka, na angekuwa na haki. Lakini tazama Desemba 1941. Vita vimepandisha bei za vitu, wafanyakazi Wazungu wameshagoma na kusikilizwa, sasa wafanyakazi Waafrika wanadai nyongeza. Waafrika wakati huo hawakuruhusiwa hata kuwa na sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Ruhusa ilikuja mwaka 1946. Umati ukakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi, majadiliano yakavunjika, na askari wakafyatua risasi. Waliuawa makumi ya watu, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson aliandika mwaka 1963 kwamba tabaka si kitu kilichokaa mahali kikingoja kuhesabiwa. Ni jambo linalotokea kati ya watu, wanapogundua maslahi yao yanapingana na ya wengine. Siku ile uwanjani, waliokuwa "watoto wa kampuni" waligundua.

Kuhusu baba yako nitasema machache, kwa sababu nadhani unayajua kwa njaa kuliko ninavyoweza kuyaandika. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya serikali kuichukua mwaka 1967, ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980. Ikanyonywa na serikali, ikalemewa na madeni, mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia miaka ya kwanza ya 2000 ilikuwa inatoa chini ya tani 30,000 huku mishahara ikicheleweshwa miezi kwa miezi. Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa malipo ya mkupuo. Iliitwa kuondoka kwa hiari. Mtu ambaye hajalipwa muda wote huo, watoto wamefukuzwa shule kwa kukosa ada, akawekewa dola mezani asaini, hiari yake ni ile ile ya kaka yako mbele ya mizani. Na malipo hayo hayakuwa mtaji. Pesa inakuwa mtaji inapoweza kukaa kwenye mzunguko ikaongezeka. Ile ilikuwa na madeni ya dukani, ada na matanga yakiingojea.

Hapo ndipo mama yako anapoingia, na aliingia kabla ya 2003. Mishahara ilipokata, waliolisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni wanawake: unga, makala, mafuta ya kipimo, mashamba ya pembezoni. Mama ananunua gunia la makala kutoka kwa wale wa baiskeli, analigawa katika mafungu, anauza fungu moja moja. Vitabu vitakuambia ni mfanyabiashara mdogo, bepari mchanga. Angalia pesa yake inavyotembea. Bepari anaanza na pesa, ananunua bidhaa, anarudi na pesa zaidi, naye anaiingiza tena. Lengo ni ile nyongeza. Mama anauza makala ili usiku kuwe na bukari (ugali) na sombe (kisamvu), na asubuhi abaki na bei ya gunia jipya. Gunia halijawa mawili kwa miaka yote hiyo, na hiyo haitokani na uvivu wala kutojua hesabu. Juu ya hapo kuna kazi ambayo haihesabiwi kabisa. Mwaka 1972 Mariarosa Dalla Costa na Selma James waliandika kwamba mwanamke wa nyumbani anazalisha bidhaa ambayo ubepari wote umesimama juu yake, yaani nguvu-kazi yenyewe, na hailipiwi. Krezeri anaposhuka shimoni ameshiba, amefuliwa, jeraha lake limeoshwa. Bei ya kobalti haina mstari wa kitu hicho.

Wewe na diploma yako mko kwenye kile ambacho Marx alikiita jeshi la akiba: watu wanaongoja langoni, ambao kuwepo kwao tu kunawanyamazisha walio ndani. Kampuni kubwa za madini siku hizi hupitisha watu wengi kwa kampuni ndogo za kandarasi, mkataba mfupi, kofia ya rangi nyingine, mshahara pungufu kwa kazi inayofanana. Wawili wanaendesha gari la aina moja kwenye shimo moja na hawali meza moja. Weber atakusaidia kuona kwamba karatasi uliyonayo ni mali ya sokoni ambayo bei yake hushuka kila mwaka wahitimu wapya wakitoka, na mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu atakusaidia kuona kwa nini karatasi kama yako, ikiwa ya mtoto wa Golf, haikai mfukoni muda mrefu. Anajua nani wa kumpigia simu. Anajua pia, jambo dogo lenye uzito, jinsi ya kukaa kwenye kiti kile cha ofisini bila kukaa ukingoni.

Kuna sehemu moja ambapo nadharia ya Ulaya, ikichukuliwa mbichi, inatupotosha, nayo ni kuhusu matajiri wetu. Uingereza ya Marx, mtu alipata mtaji kwanza, kisha akaenda kununua siasa. Kwetu mara nyingi njia ni kinyume. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, ndivyo Wakongomani walivyoitwa wakati huo. Waliopewa walikuwa walio karibu na madaraka, na wengi waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, wakafunga mlango. Hawakuhitaji kuzalisha ili kubaki juu, walihitaji kubaki karibu. Mwandishi Frantz Fanon alikuwa ameshaonya mwaka 1961 juu ya tabaka la namna hiyo, lisilojenga kiwanda, linalojiona limefanikiwa likiwa dalali kati ya nchi yake na mtaji wa nje. Ukitafuta nani bepari Katanga, usitazame tu mwenye mtambo. Tazama pia mwenye saini.

Sasa jambo linalouma. Kama maslahi ya wadogo yanafanana hivi, kwa nini hawaonekani kama tabaka? Kwa sababu hasira haichagui njia yenyewe. Mwaka 1992 na 1993, Gécamines ikiwa inakufa, watu walioambiwa kazi zimeliwa na wageni waliwafukuza majirani zao wenye asili ya Kasai kutoka Likasi na Kolwezi. Watu hao walikuwa wamezaliwa hapa. Babu zao waliletwa na kampuni ile ile, kuchimba shaba ile ile. Stesheni za treni zilijaa, wengi walifia njiani. Wanasiasa waliochochea walijua walichofanya, maana ajira zilizokuwa zikifa ziliuawa na madeni na ulaji wa juu, na hakuna treni iliyowabeba waliofanya hayo. Leo nasikia maneno ya aina hiyo hiyo yakielekezwa kwa Wachina wa depo. Mwenye depo Mchina, Mhindi, Mlebanoni au Mkongomani atakuwekea mizani ile ile, kwa kuwa naye anauza kwa aliye juu yake. Mjifunze kutofautisha nafasi na sura ya anayeikalia.

Je, ni nadharia za Wazungu? Marx alizaliwa Trier mwaka 1818 akafa London 1883, hakufika kwetu, na kuhusu Afrika hakujua mengi. Lakini mwanahistoria Walter Rodney alizichukua zana hizo Dar es Salaam na mwaka 1972 akaeleza jinsi utajiri wa Ulaya na ufukara wa Afrika vilivyotengenezwa pamoja. Issa Shivji, naye kutoka Dar, akazigeuza mwaka 1976 kuwachambua wakubwa wa serikali yake mwenyewe, waliokuwa wakijiita wajamaa. Hakuna aliyeomba ruhusa Manchester. Walichokichukua ni maswali, na majibu wakayatafuta nyumbani.

Kwa hiyo, kuhusu kazi yako ya mwisho wa mwaka: acha kuanza na sura ya kwanza ya Das Kapital, itakukatisha tamaa bure. Anza na ile ya ujira wa kipande, ambayo kwenye matoleo mengi ya Kifaransa ni ya 21 na kwenye Kijerumani ni ya 19. Kisha nenda kwa kaka yako, siku ambayo hana haraka, umuulize nani alinunua kamba, deni la shimo linakatwa kabla au baada ya kugawana, mara ya mwisho alipokataa bei ya depo alifanya nini na mifuko, na usiku ule nyumbani kwake walikula kwa pesa ya nani. Andika anavyosema, kwa Kiswahili chake, bila kumsahihisha. Akisema yeye bado ni patroni wa nafsi yake, liandike na hilo, na mwalimu wako akilifuta niletee karatasi.